Walilipia Miku, wakaona televizyo

Kuko mwimbaji mmoja wa Japani mwenye hajazeeka tangu mwaka wa 2007. Hali, halali, haugui, na sauti haimkauki. Hata vile, mu mwezi wa nne wa 2024, wapenzi wake wengi wa Kanada na Marekani walitoka ku konsere zake na uchungu. Tulitaka kuelewa: namna gani mtu anaweza kuvunjwa moyo na mwimbaji mwenye hayuko?

Jioni ya Vancouver

Tarehe 4 mwezi wa nne 2024 Hatsune Miku alifungua safari yake ya Amerika ya Kaskazini ku Vancouver, mji wa Kanada wenye uko kando ya bahari ya Pasifiki. Watu wake tunawajua: wanakuja na nywele za kununua, rangi ya bluu inayoelekea kijani, zimefungwa pande mbili na kushuka mpaka chini ya kiuno. Mu mkono, kijiti cha mwangaza cha kupepea pamoja na ngoma.

Walikuwa wamengoja sana. Safari yenye ilipangwa kwa mwaka wa 2020 ilikufa juu ya Covid-19. Mwaka ule ule Miku alikuwa ku orodha ya Coachella, lile tamasha kubwa la California, nalo likazimwa. Kwa hiyo hii ya 2024 haikukuwa konsere ya kupita tu. Mwenye kukaa mbali alilipa basi ao ndege, akalipa fasi ya kulala, kiisha akalipa tiketi. Makuta ya namna hii haitoki siku moja. Inawekwa pembeni kidogo kidogo.

Taa zikazimwa, ngoma zikaanza, kelele ikapanda. Miku akatokea. Lakini fasi ya kusimama katikati ya jukwaa sawa mtu, alikuwa ndani ya ekrani ya LED, yenye pembe zake nne zinaonekana wazi. Kumbe ni televizyo! Kubwa, ndiyo, lakini televizyo. Na ile ya nyumbani haiombi tiketi.

Sisi hatukukuwa kule. Tulifuata habari hii sawa watu wengi, kwa video na kwa maneno ya wale walikuwa ndani. Malalamiko hayakukawia. Wengine waliandika kama hawakuambiwa kitu mbele ya kununua. Wengine walitaka warudishiwe makuta yao. Kuko pia wenye walitunga barua ya pamoja na kutafuta sahihi. Siku chache nyuma yake, ku Coachella, Miku akatokea tena ndani ya ekrani, na maneno yakaanza upya.

Miku ni nani, basi?

Msomaji mwenye hamjui anaweza kucheka: mwimbaji mwenye ni picha, ameonekana kama picha, shida iko wapi? Tusicheke mbio. Tuanze na mwanzo.

Hatsune Miku si mtu. Ni sauti yenye iko mu programu ya ordinateri. Kampuni Crypton Future Media, ya mji wa Sapporo, kaskazini ya Japani, iliitosha ku soko tarehe 31 mwezi wa nane 2007, kwa kutumia ufundi wa Yamaha unaoitwa Vocaloid. Mwigizaji wa sauti Saki Fujita alitamka vipande vya sauti mbele ya mikro, na programu ikafunzwa kuviunga. Unaandika maneno na noti, yeye anaimba. Mchoraji KEI akampa sura: msichana wa miaka 16, urefu sentimeta 158, na zile nywele ndefu. Jina lake likieleweka kwa Kiswahili ni kama kusema "sauti ya kwanza ya wakati ujao".

Ilikuwa chombo cha kazi, sawa gitaa ao kinanda. Lakini kijana mwenye hakukuwa na studio, hakukuwa na orkestra, hakukuwa na mwimbaji wa kumsikiliza, sasa alikuwa na sauti ya kuimba usiku kucha bila kulipwa na bila kuchoka. Nyimbo zikawa maelfu kwa maelfu. Huyu anatunga, yule anachora, wa tatu anatengeneza video, wa nne anaimba ule wimbo tena kwa sauti yake mwenyewe. Kampuni nayo ikafungua mlango: mtu anaweza kumchora Miku na kumtumia bila kuja kupiga magoti, kama hafanyi biashara naye.

Ukitaka kuelewa uchungu wa 2024, shika hapa. Mpenzi wa mwimbaji mwingine anapokea kile mwimbaji anamupa. Mpenzi wa Miku, yeye, amemtengeneza. Hata kama hajaandika wimbo, yeye njo alisambaza, alishona nguo, alipiga picha. Miku ni mtoto wa mlango mingi. Na konsere ndiyo siku moja tu yenye wazazi wote wanakutana kumuona mtoto amesimama.

Kioo chenye kilimpa mwili

Sasa, sauti bila mwili inapanda jukwaani kwa njia gani? Tarehe 9 mwezi wa tatu 2010, mu ukumbi wa Zepp Tokyo, watu wake walipata jibu lenye lilitembea dunia nzima. Tarehe yenyewe ilichaguliwa: kwa Kijapani, tatu na tisa zinaweza kusomwa "mi" na "ku".

Ufundi si mgumu kueleza. Wanasimamisha mbele ya watu kioo kikubwa chenye kupitisha mwangaza. Projekta zinakipiga picha toka nyuma. Fasi yenye hakuna picha, jicho linapita na kuona jukwaa. Fasi yenye kuna picha, jicho linasimama na kuona msichana anacheza. Pembeni kuko wanamuziki wa kweli, watu wa nyama na damu, wanapiga gitaa na ngoma. Ukumbi ukiwa giza, kioo chenyewe kinapotea. Unabaki na Miku kati ya wanamuziki wake, anageuka, nywele zinamfuata, na mwangaza wake unaonekana kama umesimama hewani.

Watu wengi wanaita hiyo hologramu. Tuseme ukweli: si hologramu. Ni picha bapa ku kioo bapa. Mwenye kukaa pembeni kabisa anaona Miku amekonda, sawa karatasi iliyogeuzwa. Na ujanja wa namna hii uko na wazee wake. Ku London, mwaka wa 1862, John Henry Pepper alionyesha mzimu ku jukwaa kwa kutumia kioo kilichoinamishwa na mtu mwenye kufichwa chini. Miaka 150 nyuma yake, mu 2012, ku Coachella ile ile, ndugu ya kioo cha Pepper ilimrudisha Tupac Shakur mbele ya watu, na Tupac alikuwa amekufa tangu 1996. Dunia nzima iliongea.

Kwa Miku, kile kioo kilikuwa pasipoti. Mu 2011 aliimba Los Angeles. Mu 2014 zile konsere za nje zenye kuitwa Miku Expo zilianzia Jakarta, Indonesia. Mwaka ule ule alimfungulia Lady Gaga safari yake, na akaonekana ku kipindi cha David Letterman, ku televizyo ya Marekani. Kila safari video zilizunguka, na kila video ilisema kitu kimoja: njoo uone, kuko mtu pale mahali hakuna mtu.

Hiyo njo ahadi. Hakuna mwenye aliiandika ku karatasi, lakini miaka karibu 14 iliijenga.

Ekrani haina kosa, lakini...

Wenye kutetea watayarishaji walikuwa na maneno yao, na tunaona si ya kutupa. Kioo kikubwa ni mzigo wa kuogopesha: kinaweza kuharibika, kinaomba nafasi nyuma ya jukwaa kwa projekta, kinaomba giza, na mu kila ukumbi mafundi wanapaswa kupima tena milimita kwa milimita. Safari yenye inapita miji mingi kwa wiki chache haina muda huo. Ekrani ya LED, yenyewe, inakuja vipande vipande mu kamio, inaungwa sawa matofali, inawaka, kazi inaanza. Mwangaza wake ni mkali. Haiogopi taa za jukwaa. Ku tamasha kama Coachella, fasi wanamuziki wanapokezana jukwaa siku nzima, faida hiyo si ndogo.

Wengine walisema: wimbo ni ule ule, sauti ni ile ile, wanamuziki wako pale, mwenye anampenda Miku afunge macho aimbe. Na ni kweli, wengi waliimba mpaka mwisho na kurudi na furaha. Tusidanganye kama kila mtu alitoka analia.

Lakini ekrani ya LED inatosha kitu kimoja kidogo chenye kilikuwa kinabeba vyote. Haipitishi jicho. Nyuma ya Miku hauoni tena jukwaa, unaona weusi wa ekrani. Hayuko tena kati ya wanamuziki. Yuko ndani ya sanduku, wao wako inje. Kwa mwimbaji wa kawaida, ekrani ni msaada kwa wale wamekaa nyuma, juu mwimbaji mwenyewe iko pale mbele, anatoka jasho. Kwa Miku hakuna mwingine mbele. Ukimtosha ule ujanja, haupunguzi mapambo ya konsere. Unatosha mwimbaji.

Na hapa wengine wanawakosea wapenzi heshima, wanawaona sawa watoto wenye kudanganyika. Hapana. Kila mtu mu ukumbi anajua kama Miku hayuko. Wanajua vizuri kutupita. Hawakulipia uongo, walilipia saa mbili zenye watu wote wanakubaliana kuamini pamoja. Sawa vile mu sinema unalia na unajua ni filamu. Lakini kazi ya kuamini inaomba msaada kidogo. Kioo kilikuwa kinafanya nusu ya kazi. Siku ile waliachiwa kazi yote.

Mifano miwili ya kupima

Je, basi kosa ni ekrani? Tuliangalia fasi ingine. Ku London, tangu mwezi wa tano 2022, kuko onyesho la ABBA Voyage. Wale wane wa ABBA, kundi la Suède, hawapandi jukwaani. Wanaonekana picha zao, vijana sawa zamani. Na picha hizo zinatoka wapi? Ku ekrani kubwa sana ya LED. Ufundi wa ndugu mmoja na ule wa Vancouver! Lakini kule ukumbi wenyewe ulijengwa kwa ajili ya ile ekrani: taa za ukumbi na taa za picha zinaongea pamoja, orkestra ya kweli iko kando, na jicho halijui tena mwisho wa ekrani uko wapi. Tena, mwenye kununua tiketi anajua mbele kile anaenda kuona. Watu wanatoka wanapangusa machozi.

Mfano wa pili uko Japani yenyewe, na ni mwaka ule ule. Ado, mwimbaji mwenye alizaliwa 2002, ni mtu wa kweli. Vijana wenye kufuata One Piece wanamjua bila kujua: yeye njo aliimba nyimbo za Uta mu filamu ya 2022. Alikomaa kwa kusikiliza nyimbo za Vocaloid, na yeye haonyeshi sura yake. Mwanzo wa 2024 alifanya safari yake ya kwanza ya dunia, Asia, Ulaya na Marekani. Aliimba kama kivuli, mwangaza ukiwa nyuma yake, na simu za kutosha picha zilikatazwa. Watu walilipa, wakaona kivuli, wakarudi na furaha. Kwa nini? Juu Ado alikuwa amewaahidi kivuli, na sauti yenye ilitoka mule ndani ilikuwa yake, ya pale pale.

Angalia vile mambo yanageuka. Huyu iko na mwili na anauficha. Yule hana mwili na wanamtengenezea. Wote wawili wanaweza kujaza ukumbi. Lakini kila mmoja ameweka mkataba na watu wake, na mkataba ule haufanani. Mwenye aliahidi kivuli atoe kivuli. Mwenye aliahidi mwili wa mwangaza atoe mwili wa mwangaza. Ao aseme mapema: safari hii hatutaweza, na sababu ni hii.

Kwetu pia tunajua

Msomaji wa hapa kwetu, hata kama hajasikia wimbo mmoja wa Miku, uchungu huu si mgeni kwake. Nani hajaona hii? Afishi inasema "laivu mia kwa mia", saa kumi na mbili kamili. Unafika, unangoja mpaka saa tano za usiku. Nyota anashuka ku gari, anapanda, wanachomeka flashi, nyimbo tatu za pleibaki, mikro iko mbali na mdomo na sauti inaendelea. "Asanteni, nawapenda!" Ameenda. Na weye unabaki unahesabu ile makuta.

Siku ile hatukukasirika juu ya flashi. Flashi haina kosa. Kama afishi ingesema "nyota atakuja kuwasalimia na kucheza na nyinyi", tungeamua kama tunalipa ao hatulipi, na mwenye kulipa angecheza kwa roho safi. Tulikasirika juu tuliuziwa kitu, tukapewa kingine, kiisha tukaambiwa tusilalamike juu muziki ulisikika.

Maneno ya Vancouver na maneno ya kwetu ni mamoja. Mpenzi si mteja wa kawaida. Mteja wa kawaida akikuta chumvi imechanganywa na mchanga, anahama butiki. Mpenzi hawezi kuhama. Miku mwingine hakuna. Kwa hiyo watayarishaji wanajua atarudi, na hapo njo hatari inaanza. Mwenye kujua kama utarudi hata akikupa nusu, siku moja atakupa nusu.

Ndiyo maana sisi tunaona wale walilalamika walifanya kazi nzuri kuwapita wale walinyamaza. Wengine waliwaambia hawana shukrani: Miku amevuka bahari, na nyinyi munahesabu ekrani? Lakini mwenye kuhesabu ni yule anapenda. Mwenye hapendi analala, hata tiketi hanunui. Kulalamika kwao kulikuwa kusema: tunamjua mtoto wetu, na hivi sivyo anavyosimama.

Kitu gani kingeweza kufanywa? Si kikubwa. Mstari mmoja ku tiketi: "Onyesho hili litatumia ekrani ya LED." Basi. Wengine wangebaki nyumbani. Wengi wangekuja hata vile, wakiwa wametayarisha macho na roho, na usiku ule ule, na ekrani ile ile, ungekuwa usiku mzuri. Uchungu mwingi wa dunia hii hautoki ku kile tulikosa. Unatoka ku kile tulikuwa tumeambiwa tutapata.

Kwa yetu, siku afishi ingine itabandikwa ku ukuta, tuulize mbele ya kutosha makuta: ni orkestra ao ni flashi? Saa ni ya kweli? Na kama tumedanganywa, tusirudi nyumbani kimya tukisema "njo vile wako". Kule Vancouver, watu walikataa kunyamaza kwa ajili ya mwimbaji mwenye hata hayuko. Wetu, wenyewe, wako. Wanatusikia.